Bitana Hutangulia Uso

Fundi anayepokea mifarishi ya watu na kuishona kwa cherehani ya mkono mrefu huwa na masharti, na mengi ya masharti hayo hayahusu upande utakaosifiwa na wageni. Yanahusu bitana, yaani kitambaa cha nyuma. Bitana iwe kubwa kuliko uso kwa inchi 4 kila upande. Iwe imepigwa pasi. Kingo zake ziwe zimenyooka na pembe zake ziwe mraba. Isibanwe kwa pini pamoja na uso. Iletwe peke yake. Mteja aliyetumia miezi kuunganisha viraka vya uso anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kitambaa ambacho hakukifikiria hata siku moja.

Mfarishi ni nguo ya tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao mara nyingi ni viraka vilivyopangwa kwa ruwaza. Katikati kuna pamba. Chini kuna bitana. Mshono unaopita katika tabaka zote tatu ndio unaoufanya mfarishi uwe mfarishi. Bila huo, ni vitambaa vilivyolaliana tu. Watu wa nchi nyingi wameshona nguo za namna hii, lakini ni Marekani ambako kazi hii imekuwa ufundi wa nyumbani, biashara, na sanaa ya makumbusho kwa wakati mmoja. Huko ndiko historia yake ilikoandikwa zaidi, na karibu yote imeandikwa kutoka upande wa mbele. Insha hii inaugeuza mfarishi, kwa sababu upande wa nyuma una habari ambazo uso hauna, na baadhi ya habari hizo zinatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa cherehani ya kawaida, mshonaji husukuma nguo chini ya sindano. Kwa cherehani ya mkono mrefu mambo ni kinyume: nguo hukaa imetanuliwa kwenye fremu, na kichwa cha cherehani ndicho kinachoteleza juu ya reli kwenda kila upande. Fremu ina mabomba marefu ya chuma, na kwenye mabomba hayo kumefungwa vipande vya turubai. Bitana ndiyo hupandishwa kwanza. Ukingo wake wa juu hubanwa kwa pini kwenye turubai moja, ukingo wa chini kwenye turubai nyingine, kisha huviringishwa mpaka ikakamaa. Juu yake hulazwa pamba, na juu ya pamba ndipo uso unapowekwa. Kwa hiyo uso hulala juu ya bitana kama mgeni juu ya kitanda alichotandikiwa. Bitana ikiwa imekwenda upande, uso utakwenda upande. Bitana ikilegea, itajikunja chini, na fundi hataiona mikunjo hiyo mpaka kazi nzima ishushwe na kugeuzwa.

Zile inchi 4 za ziada zina kazi yake. Vibanio vya pembeni lazima vipate mahali pa kushika bila kugongana na kichwa cha cherehani. Fundi anahitaji ukanda wa kujaribia uzi kabla hajaugusa uso. Tena kila mshono unaopita katika pamba huvuta kitambaa kidogo, hivyo nguo hupungua kadiri kazi inavyosonga. Hesabu yake ni hii: mfarishi wa inchi 80 kwa 90 unataka bitana ya inchi 88 kwa 98. Kitambaa cha pamba cha madukani, baada ya kukatwa kingo, hubaki na upana wa inchi 42 hivi. Vipande viwili vikiunganishwa havifiki 88. Inabidi viwe vitatu, kila kimoja cha inchi 88, vilazwe kimoja chini ya kingine. Hizo ni yadi 7 na theluthi, na mwenye busara atanunua 8.

Vikiisha kukatwa, ule ukingo mgumu uliofumwa pembeni ya kitambaa hutolewa, kwa maana nyuzi zake zimebanana kuliko zile za katikati na zikifuliwa hazirudi kwa kiasi kilekile. Mshono wa kuunganishia hupigwa pasi ukiwa umefunguliwa pande mbili ili usifanye tuta. Pia mishono hiyo hulazwa sambamba na mabomba. Ikisimama wima, kila bomba linapozungushwa mshono huangukia juu ya mshono, unene unaongezeka mahali pamoja, na pande mbili za kitambaa zinalegea. Shuka la kitanda lililofumwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana sana hukataliwa na mafundi wengi: sindano haipenyi kati ya nyuzi bali hukata nyuzi zenyewe, na matundu hubaki. Mwisho, bitana hukunjwa mara mbili na kutazamwa kama kingo zinakutana, au hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vya pembe vikilingana, na pande zinazokabiliana zikilingana, imekuwa mraba. Visipolingana, mtande na mshindio wake vimekwenda upande, na pasi peke yake haitatibu.

Kazi hii inaonekana ya leo kwa sababu ya umeme na reli, lakini asili yake ni ya zamani. Kabla ya mashine, wanawake wa Marekani walitumia fremu za mbao, na nyumba nyingi ndogo ziliitundika fremu darini kwa kamba ili ipandishwe usiku watu wapate pa kulala. Ubao wa fremu ulipigiliwa ukanda wa kitambaa kigumu, na bitana ilishonewa kwenye ukanda huo. Turubai ya leo ni mjukuu wa ukanda ule. Mishono ya kuunganishia bitana nayo ni ya zamani kama mifarishi yenyewe, kwa sababu upana wa kitambaa cha mkono uliamuliwa na urefu wa mikono ya mfumaji anayerusha uzi kutoka ubavu mmoja wa kitanda cha mfumi hadi mwingine. Kitanda cha kulalia kilikuwa kipana kuliko mikono hiyo. Lazima kitambaa kiungwe.

Swali la historia linaanzia hapa: kitambaa hicho kilitoka wapi?

Katika karne ya 19, jibu la mara kwa mara lilikuwa pamba nyeupe ya rangi ya krimu isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kiwanda cha Waltham, Massachusetts, kilianza kufuma kwa mashine mwaka 1814. Miaka ya 1820 mji mzima wa viwanda, Lowell, ulijengwa kando ya mto Merrimack, na wasichana kutoka mashambani wakaajiriwa kwa maelfu. Kitambaa chao kilikuwa imara, cha bei ndogo, na hakikuwa na urembo wowote. Kilifaa kwa mashuka, magunia, mashati ya kazi na bitana. Mwanamke aliyekuwa na fedha kidogo alizitumia kwenye uso wa mfarishi, akanunua maua na milia. Nyuma aliweka hiki cha bei ndogo, kwa kuwa nyuma hakuna aliyetazama.

Pamba ya kitambaa hicho haikuota Massachusetts. Iliota Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana, ikachumwa na watumwa. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, na kilimo cha pamba kikaenea kusini kama moto wa nyika. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa wapatao 698,000 nchini Marekani. Ile ya 1860 ilihesabu zaidi ya milioni 3.9. Bitana nyeupe iliyoonekana haina lolote la kusema ilikuwa na mikono mingi ndani yake.

Kitambaa cha aina hiyohiyo kilipakiwa pia kwenye majahazi ya bandari ya Salem, Massachusetts, yakaelekea Zanzibar. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, aliwasili Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Wamarekani walichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Walileta majora ya pamba isiyopaushwa. Watu wa pwani walikiita kitambaa hicho merikani, au amerikani, na mpaka leo ukiingia katika baadhi ya maduka ya vitambaa ukataja jina hilo utapewa pamba nyeupe nyepesi isiyo na urembo.

Merikani ilikuwa zaidi ya nguo. Katika njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono: shuka ilikuwa mikono 4, na doti ilikuwa shuka mbili. Hongo ya machifu ililipwa kwa hiyo, na chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa hiyo. Mapokeo ya vipimo hivyo yako kabatini mwetu, maana kanga bado huuzwa kwa doti. Na katika miji ya pwani watumwa walivikwa merikani, kwa sababu ilikuwa nguo rahisi kuliko zote. Baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliachana na merikani na kaniki, wakajipamba kwa kanga za rangi. Walijua nguo ile ilisema nini juu ya aliyeivaa.

Tazama basi mzunguko huo. Mtumwa wa Georgia alichuma pamba. Msichana wa Lowell aliifuma. Mtumwa wa Unguja aliivaa akipanda karafuu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeacha jina lake kwenye kitambaa. Jina lililobaki ni la nchi ya muuzaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ya kusini haikufika tena viwandani kaskazini, merikani ikaadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake. Hata hivyo jina halikubadilika. Watu waliendelea kununua merikani isiyotoka Marekani, kama tunavyoendelea leo.

Marekani kwenyewe, bitana ilipata chanzo kingine baada ya vita: magunia. Cherehani ilipoenea katikati ya karne ya 19, iliwezekana kushona gunia la pamba lenye mshono wa kuhimili uzito, na polepole unga, sukari, chumvi, mbolea na chakula cha kuku vikahama kutoka kwenye mapipa ya mbao. Familia iliyonunua unga ilipata kitambaa bure. Gunia lilifumuliwa uzi, likalowekwa, likasuguliwa kwa sabuni kali ili wino wa kampuni utoke, likaanikwa. Magunia kadhaa yakiungwa, bitana ikawa tayari. Wino haukutoka daima. Mifarishi mingi ya zamani ina herufi zilizofifia upande wa nyuma: jina la kinu, uzito wa unga. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 wenye viwanda walitambua kwamba wanawake ndio walioamua gunia lipi linunuliwe, wakaanza kuyachapa maua na milia. Mtindo huo ulishamiri wakati wa Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930, na ukafifia baada ya Vita Kuu ya Pili pale mifuko ya karatasi ilipokuwa rahisi zaidi.

Gunia limo pia katika habari za mshonaji mashuhuri kuliko wote wa karne ile. Harriet Powers alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Miaka ya 1880, akiwa huru, alishona mfarishi wenye picha za visa vya Biblia, akauonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja mzungu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye hali ya nyumbani ilipokuwa ngumu, aliupeleka mwenyewe, umefungwa ndani ya gunia safi la unga, na gunia hilo ndani ya gunia jingine. Aliomba dola 10. Alipewa 5. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, mjini Washington, na mwingine wake uko katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Hiyo miwili ndiyo kazi yake pekee inayojulikana kusalimika. Picha zake zimechapishwa mara nyingi mno, lakini ni za upande mmoja.

Mwaka 1971, Makumbusho ya Whitney ya New York yalitundika mifarishi ukutani kama michoro. Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, waliokuwa wameikusanya, walitaka watu wauone uso wake kwa jicho lilelile wanalotazamia sanaa ya kisasa. Walifaulu. Maonyesho hayo yaliinua thamani ya mifarishi na kuchochea mwamko mpya wa ushonaji, mwamko ambao baadaye ulizaa soko la cherehani za mkono mrefu. Ila ukuta una gharama yake. Nguo iliyotengenezwa ifunike mwili kutoka pande zote ilipotundikwa, upande uliogusa ngozi ya mlalaji uligeukia ukuta. Aliyekwenda Whitney aliona maumbo na rangi. Hakuona gunia, wala merikani, wala kiraka kilichowekwa nyuma pale miguu ilipotoboa. Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Na vilivyotundikwa pia vimetandikiwa.

Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wanatusaidia kuona kilichopotea. Kijiji chao kiko ndani ya kona ya mto Alabama, na wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa watumwa wa shamba la pamba la Pettway, ambalo jina lake walibaki nalo kama ukoo. Mwaka 1942 Missouri Pettway, akiwa amefiwa na mumewe, alichukua nguo zake za kazi akazishona mfarishi, ili ajifunike kumbukumbu yake. Katika mfarishi huo kuna suruali zilizochakaa magotini, na kuna kitambaa cha gunia. Kazi za kijiji hicho zilionyeshwa Houston mwaka 2002 kisha Whitney, na wahakiki wakazilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa. Sifa hizo ni za haki. Lakini mtu aliyeupokea mfarishi wa Missouri Pettway kama mpangilio wa rangi tu amepokea nusu. Nusu nyingine ni mchumaji pamba aliyekufa, na gunia lililoingia nyumbani likiwa na kitu cha kununuliwa.

Kuna mahali ambapo bitana haikufichwa hata kidogo. Katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, Wahindi wenye asili ya Afrika. Wazee wao wengi walitolewa pwani ya mashariki ya bara letu, wakapitishwa Goa chini ya Wareno, na baadhi yao walitoroka utumwa wakaingia misituni. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Mshonaji haanzi na uso. Huanza kwa kutandaza sari kuukuu, ambayo ndiyo bitana, kisha huweka viraka vya nguo chakavu juu yake kuanzia pembeni, akishona na kuzunguka kuelekea katikati, mpaka sari yote ifunikwe. Kila kona humalizwa kwa phula, yaani maua, vipande vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, na wenyewe husema kawandi isiyo na phula iko uchi. Mshono unaoshika kiraka ndio uleule unaopenya hadi nyuma. Kwa hiyo hakuna tofauti kati ya kutengeneza uso na kuushikiza kwenye bitana. Ni kazi moja, na bitana ndiyo iliyotangulia.

Fundi wa mkono mrefu Marekani na mwanamke wa Kisiddi Karnataka hawajui kazi ya mwenzake, lakini wanakubaliana juu ya mpangilio wa kazi. Uso hauwezi kukaa sawa juu ya kitu ambacho hakijatayarishwa. Mwanahistoria naye angefanya vyema kufuata mpangilio huo. Kabla ya kueleza ruwaza za mbele, aulize kitambaa cha nyuma kilifumwa wapi, upana wake ulikuwa kiasi gani, mishono mingapi ilihitajika, nani alichuma pamba yake, na kwa nini yule aliyeshona hakuweza kununua kingine. Majibu mengi yamo kwenye kitambaa chenyewe: katika ukingo uliosahauliwa kukatwa, katika herufi za kinu zilizokataa kutoka, katika mahali gunia moja linapokutana na jingine.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuuliza. Neno merikani limo katika lugha yetu kwa karibu miaka 200, na tunalitamka bila kufikiri. Siku utakapoingia dukani kununua yadi chache za kushonea bitana ya koti au kufunikia godoro, na muuzaji akafungua jora la pamba ya rangi ya krimu, uguse ukingo wake kabla hajakata. Waulize wazee wa nyumbani waliivaa nani, na lini wakaiacha. Wako wanaokumbuka kuambiwa na bibi zao.